Kumwonea kinyaa mgonjwa: Ni maumbile au ni dhambi?

LIPO swali ambalo ni nadra kulisikia likiulizwa katika darsa zetu, ingawa wengi wetu tumekwishalijibu kwa vitendo bila kujijua. Je, Muislamu anapata dhambi kwa kumwonea kinyaa ndugu yake mgonjwa? Sizungumzii kumtukana wala kumfanyia kejeli, kwani hilo limekatazwa waziwazi katika Qur'an (49:11) na hakuna anayebishana nalo. Nazungumzia ile hali inayomjia mtu bila kukusudia: mwili unasisimka, pua inajikunja, macho yanahama, na mguu unatafuta pengine pa kusimama.

Swali hili ni zito zaidi katika magonjwa ya ngozi. Mwenye shinikizo la damu au kisukari ugonjwa wake umefichika ndani, na anaweza kuswali safu ya mbele miaka ishirini bila ya jirani yake kujua. Mgonjwa wa ngozi amevaa ugonjwa wake, na kila apitaye anausoma. Na katika magonjwa ya ngozi lipo kundi linalotisha macho kuliko mengine, nalo ni lile la fangasi wanaozama ndani ya mwili. Nimeona nilitazame swali letu kupitia magonjwa hayo, kwa sababu yanatufichulia jambo kuhusu nafsi zetu ambalo hatulioni tunapozungumza juu ya wagonjwa kwa ujumla.

Fangasi wanaozama

Fangasi tuliowazoea ni wale wa juu juu: choa, mba, na wale wa katikati ya vidole vya miguu. Hao hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi, huwasha, na aghalabu dawa ya kupaka huwamaliza. Lakini wapo wengine ambao maskani yao ni udongo, miiba, mbao zinazooza na majani makavu. Mtu huchomwa na mwiba au kibanzi, jeraha linafunga, anasahau. Baada ya miezi, pengine miaka, hujitokeza kinundu kigumu kisichouma. Na kwa kuwa hakiumi, anakiacha.

Mashuhuri zaidi katika magonjwa hayo huitwa maisetoma, au mguu wa Madura, jina lililotokana na mji wa Madurai, kusini mwa India, ambako tabibu John Gill aliueleza mwaka 1842. Mguu huvimba polepole na kufanya matundu, na matundu hayo hutoa usaha wenye punje ndogo mfano wa mchanga. Punje huwa nyeusi, nyeupe, njano au nyekundu, kutegemeana na kijidudu kilichoingia, kwani aina nyingine ya ugonjwa huu huletwa na bakteria. Usipotibiwa huingia mfupani, na wengi huishia kukatwa mguu. Mara chache hutokea mkononi, mgongoni na hata kichwani.

Upo pia ule uitwao kromoblastomaikosisi, unaoota juu ya ngozi mfano wa koliflawa. Jirani zetu wa Madagascar ni miongoni mwa watu wanaousumbukia zaidi duniani. Huko Uganda, mwaka 1964, tabibu Denis Burkitt na wenzake waliandika juu ya wagonjwa 31 waliokuwa na uvimbe mgumu kama ubao chini ya ngozi, ugonjwa unaowapata zaidi watoto. Kijidudu chake huishi katika matumbo ya mijusi na vyura, hutoka na kinyesi chao na kubaki ardhini.

Kichwani nako yapo mapunye yaliyozama. Mapunye ya kawaida hunyonyoa nywele na kuacha mabaka yenye magamba. Lakini kwa baadhi ya watoto mwili hupambana nayo kwa nguvu, kichwa kikavimba, kikawa laini na kutoa usaha, hata kila amwonaye akasema ni jipu. Si jipu. Kulipasua hakusaidii, na dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mizizi ya nywele. Mtoto huyo anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Akicheleweshwa, pale palipovimba panaweza kubaki kovu lisiloota nywele maisha yake yote.

Kinyaa hakijui kupima

Sasa ndugu msomaji zingatia jambo hili. Mguu wa maisetoma, ambao ndio unaotufanya tuhame safu, hauambukizi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Ukila naye sahani moja, ukilala naye chumba kimoja, ukisimama naye bega kwa bega na mguu kwa mguu, hupati kitu. Hali ni hiyo hiyo kwa ule unaoota kama koliflawa na ule wa watoto wa Uganda. Ukija kuupata, utaupata pale pale alipoupatia yeye: shambani, porini, kwenye rundo la kuni, katika njia unayopita bila viatu.

Mapunye, kinyume chake, yanaambukiza. Yanapita kwenye kofia, kitana, wembe na mashine ya kunyolea, na mengine yanatoka kwa paka, mbwa na ng'ombe. Lakini kwa sababu tumeyazoea, tunayafanyia utani. Mtoto mwenye mabaka anaazima kofia kwa mwenzake asubuhi, mchana inavaliwa na wa tatu, na hakuna mzazi anayesisimka.

Katika madrasa moja hapa kisiwani, ambayo sitaitaja, nilimkuta mtoto wa miaka minane hivi ambaye kichwa chake kilikuwa kimevimba kwa namna niliyoieleza. Alikuwa amekalishwa peke yake karibu na mlango, kwenye kipande chake cha mkeka. Wenzake hawakutaka kugusana naye. Juu ya dirisha zilikuwepo kofia tano au sita za madrasa, ambazo kila mtoto aliyesahau yake nyumbani alichukua mojawapo akavaa. Mtoto alitengwa, kofia zikaendelea kuzunguka. Basi hapo kinyaa kimefanya kazi gani? Kimemwadhibu mgonjwa na kuuacha ugonjwa.

Huko Afrika Kusini, kati ya mwaka 1941 na 1944, karibu wachimbaji dhahabu 3,000 wa Witwatersrand walipatwa na fangasi wa ngozi wanaoingia kwa mikwaruzo. Ilipochunguzwa ilibainika kuwa fangasi walikuwa kwenye magogo yaliyoshikilia paa la migodi. Magogo yakatiwa dawa, maradhi yakakoma. Lau wangetosheka kuwaweka kando wachimbaji wenye vidonda huku magogo yakibaki, wangeendelea kuwaweka kando mpaka migodi ibaki mitupu.

Hapa Mafia tunao uzoefu wetu. Mguu ukivimba, neno la kwanza ni matende, na ni kweli kwamba matende yamekuwa ugonjwa wa pwani hii tangu enzi. Wilaya yetu ndiyo iliyoanziwa ugawaji wa dawa za matende na mabusha katika nchi nzima, mwaka 2000. Matende huenezwa na mbu, wala hayaenezwi na mkeka. Hata hivyo nani asiyejua jinsi wenye matende walivyokwepwa? Na mguu ukishaanza kutoa usaha, neno la pili husemwa kwa sauti ya chini: huyu kakanyaga kitu, kategewa. Kukanyaga, kweli kakanyaga. Alichokanyaga ni mwiba wenye udongo. Lakini uvumi huo unamzidishia msiba wa pili, kwani sasa anatazamwa kama mtu mwenye maadui, na nduguze wanaanza kutazamana kwa dhana.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye hukumu ya dini, tukubaliane kwanza juu ya hili: kinyaa kinapima sura, hakipimi hatari. Kinatukimbiza kwenye kisichodhuru na kutuacha tucheze na kinachodhuru. Anayesema "ninajikinga tu" anapomkwepa mgonjwa, hana budi kujiuliza kama anajua anachojikinga nacho.

Nafsi haitoi fatwa

Turudi kwenye swali letu. Uislamu haukumtaka mwanadamu ajifanye hana maumbile. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w) aliandaliwa nyama ya dhabb, yule mjusi mkubwa wa jangwani, katika nyumba ya mkewe Maimuna (r.a). Alipoambiwa ni nyama gani, akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid (r.a) akauliza iwapo ni haramu. Mtume (s.a.w) akajibu kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwepo katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta nyama akala, huku Mtume (s.a.w) akimwangalia.

Wanachuoni wameitumia Hadithi hii zaidi katika mlango wa vyakula, lakini ndani yake mna msingi mkubwa wa maadili. Mbora wa viumbe amekiri wazi kwamba nafsi yake ina kitu isichokipenda. Hakuona haya kulisema. Lakini pia hakukubali hali hiyo ya nafsi igeuke kuwa sheria juu ya wengine. Iliishia kwenye mkono wake mwenyewe. Ikiwa kinyaa cha Mtume (s.a.w) hakikuharamisha kipande cha nyama, kinyaa changu na chako kitaharamishaje nafasi ya Muislamu katika safu?

Kwa mizani hiyo jibu la swali letu linaanza kuonekana. Msisimko unaokuja wenyewe si dhambi, kwa kuwa Allah (S.W) haikalifishi nafsi ila kwa iwezalo (2:286). Hesabu inaanzia katika kile tunachokifanya baada ya msisimko: uso tunaoukunja, nafasi tunayoihama, salamu tunayoitoa kwa mbali, mwaliko tusioupeleka.

Hata uso una hesabu yake. Katika Surat Abasa (80:1-10), Allah (S.W) alimzindua Mtume wake kwa sababu ya kukunja paji na kugeuka alipojiwa na kipofu Ibn Umm Maktum (r.a), wakati akiwa ameshughulika na vigogo wa Kiquraishi. Mtume (s.a.w) hakugeuka kwa kinyaa, bali kwa kutumai kuwa vigogo wale watasilimu. Na yule aliyekunjiwa uso alikuwa kipofu, hakuuona. Pamoja na hayo aya zikateremka, zikabaki zikisomwa mpaka Siku ya Kiyama. Ikiwa uso uliokunjwa mbele ya asiyeona umeteremshiwa aya, tusemeje juu ya uso unaokunjwa mbele ya mtu anayeona, tena anayeutafuta uso wako kila siku ajue kama leo atapokewa?

Katika Surat An-Nur (24:61) Allah (S.W) ameondoa uzito juu ya kipofu, kiwete na mgonjwa katika kula pamoja na wengine. Wafasiri wametaja sababu zaidi ya moja. Wapo waliosema kuwa baadhi ya watu wa Madina walikuwa hawapendi kula pamoja na watu hao, na wapo waliosema kuwa wagonjwa wenyewe ndio waliojitenga kwa kuchelea kuwakirihisha wenzao. Tazama jinsi kauli hizi mbili zinavyokutana. Maradhi yanajenga ukuta kwa pande zote mbili: mzima anasogea nyuma, na mgonjwa naye anasogea nyuma kumrahisishia. Basi tusidanganyike tukiona mgonjwa haji tena msikitini tukasema "amependa mwenyewe kukaa nyumbani". Yawezekana ametuhurumia sisi kuliko tulivyomhurumia yeye.

Hoja ya wanaotenga

Itakuwa si uadilifu kuficha dalili za upande wa pili. Atasema msemaji: Mtume (s.a.w) si ametuamrisha tumkimbie mwenye ukoma kama tunavyomkimbia simba? Si alimtumia ujumbe mtu mwenye ukoma aliyekuwa katika msafara wa Thaqif kuwa bay'a yake imekubaliwa na arejee? Si amemkataza mwenye kula kitunguu kibichi kuukaribia msikiti, na mafakihi wakamfananisha naye mwenye kidonda kinachotoa harufu?

Yote hayo ni sahihi, na ni msingi wa kinga. Na zaidi ya hayo, imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kuwa Umar bin Al-Khattab (r.a) alimwona mwanamke mwenye ukoma akitufu Al-Kaaba, akamshauri asiwaudhi watu, na kwamba lau angekaa nyumbani kwake ingekuwa bora. Mwanamke akatii. Umar alipofariki akaambiwa sasa atoke, akakataa, akisema hawezi kumtii akiwa hai kisha amuasi akiwa maiti.

Lakini Umar huyo huyo ndiye aliyemkabidhi Baitul-Mali Sahaba Muayqib bin Abi Fatima (r.a), naye alikuwa na ukoma. Wanahistoria wanaeleza kuwa Umar alikula naye, na alikuwa akimtafutia tiba kwa kila aliyesikia kuwa ana ujuzi, mpaka walipopatikana watu wawili kutoka Yemen, wakamsugua nyayo kwa tunda chungu la handhal, ugonjwa ukasimama. Na mwaka 88 Hijria (707), Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik aliwawekea wenye ukoma posho ya kudumu ili wasiombe, na akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumshika mkono.

Ukiyakusanya haya pamoja unapata kanuni ambayo naiona ndiyo roho ya suala lote. Sharia inaruhusu kumsogeza mgonjwa mbali pale ambapo dhara ni la kweli. Lakini kila hatua anayosogezwa inakuwa deni juu ya waliomsogeza. Ukimwambia asije sokoni, riziki yake iko shingoni mwako. Ukimwambia asije darasani, ni wajibu wako darasa limfuate. Ukimwambia asije msikitini kwa kuwa kidonda chake kinanuka, basi kitambaa cha kukifungia, dawa ya kukisafishia na nauli ya kumfikisha kwa daktari vimekuwa juu ya jamaa wa msikiti huo. Aliyekula kitunguu anangoja harufu iishe kisha anarudi. Mwenye mguu uliooza angoje nini, ikiwa hakuna anayemtibu? Kumfungia mlango bila kumtafutia tiba ni kuchukua nusu ya sira ya Umar, ile nusu isiyotugharimu kitu.

Na wale ambao ugonjwa wao hauambukizi, na kidonda chao kimefungwa vizuri, hao hawana hukumu ya kutengwa hata kidogo. Kwao kinabaki kinyaa kitupu, nacho tumeshasema si hukumu.

Twahara ya mwenye kidonda

Wapo wagonjwa wanaoacha swala ya jamaa, na wengine wanaoacha swala kabisa, kwa kudhani kuwa usaha umewaharibia twahara. Hapa sisi walimu tuna kazi. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo tunayoyafuata watu wa pwani, damu na usaha unaotoka kwenye kidonda hautengui udhu, kwa kuwa kinachotengua ni kinachotoka katika njia mbili. Usaha ni najisi, lakini mwenye kidonda amesamehewa ule wa kidonda chake usioepukika. Kama maji yanamdhuru, ataosha panapowezekana, atapangusa juu ya bandeji na atatayamamu kwa ajili ya ile sehemu isiyofikiwa. Kinachochungwa ni msikiti usichafuliwe, na hilo linatatuliwa na bandeji safi.

Mlango uko wazi kiasi hicho. Aliyeufunga ni nani kama si macho yetu?

Dunia nayo iligeuza uso

Wala tusidhani kuwa ni sisi peke yetu. Tangu maisetoma ilipoelezwa na Gill mwaka 1842 ilipita miaka 174 mpaka Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipoiingiza, mwaka 2016, katika orodha ya magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Kromoblastomaikosisi na fangasi wengine wa ndani wakafuatia mwaka 2017. Ni magonjwa ya wakulima, wachungaji na wakata kuni, watu wasiokuwa na msemaji, na viwanda vya dawa havikuona faida kuyashughulikia.

Mahali palipoongoza ulimwengu mzima katika kuitibu na kuitafiti maisetoma ni katika nchi ya Waislamu wenzetu. Ni kituo cha Khartoum, Sudan, kilichoanzishwa mwaka 1991 na kuongozwa na Profesa Ahmed Hassan Fahal. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimekiharibu, pamoja na sampuli na kumbukumbu zilizokusanywa kwa miongo kadhaa. Kwetu Tanzania ipo neema ya Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992, ambacho kimewafundisha matabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika.

Lakini kutoka hapa Kilindoni mgonjwa avuke bahari mpaka Nyamisati, ashike barabara mpaka Dar es Salaam, na akiambiwa aende Moshi ni safari nyingine ya kutwa nzima. Akifika hapimwi kwa macho, kwani kifua kikuu cha ngozi na saratani vinaweza kufanana na fangasi hawa. Hukatwa kinyama kidogo kikapelekwa maabara. Kisha dawa, kama itrakonazo, humezwa kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka au zaidi, na pengine na upasuaji juu yake. Ni nani mwenye uwezo huo peke yake?

Hapa ndipo kinyaa chetu kinapokamilisha madhara. Mtu anayejua kuwa atakunjiwa uso huuficha mguu ndani ya kanzu na soksi. Mwanamke huficha kichwa chake ndani ya mtandio, hata kwa mumewe, kwa kuhofia ndoa yake. Miaka inapita. Kinundu ambacho kingeondolewa kwa upasuaji mdogo na dawa kinafika mfupani. Tunapokuja kukiona tunashtuka, na tunasahau kwamba mshtuko wetu wa jana ndio uliomfanya akifiche.

Tufanye nini?

Kwanza, kinga ielekezwe kwenye vitu badala ya watu. Kofia za pamoja ziondolewe madrasa, mashine za kunyolea zisafishwe kwa dawa kila anaponyolewa mtoto, na anayeanza dawa za mapunye aachwe aendelee na masomo yake. Wakulima na watoto wetu wavae viatu wanapoingia mashambani.

Pili, kinundu kisichouma kisidharauliwe, na uvimbe wa kichwani usipasuliwe nyumbani. Anayechomwa na mwiba aoshe jeraha kwa maji na sabuni, na uvimbe ukijitokeza aende hospitali ya wilaya mapema, kabla ya kwenda kwa anayeagua.

Tatu, kila msikiti uwe na fungu la mgonjwa. Zaka ina mafungu yake yanayojulikana, na mgonjwa aliyefilisika anaingia katika mafukara na masikini bila ya ubishi. Kumtibu ndugu huyu ni fardhi kifaya. Asipotokea wa kuitekeleza, dhambi inaenea kwa kila mwenye uwezo aliyejua.

Nne, mgonjwa atembelewe. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Muslim, tunafahamishwa kuwa Allah (S.W) atamuuliza mja Siku ya Kiyama kwa nini hakumzuru alipougua, na mja atastaajabu vipi amzuru Mola wa walimwengu. Ataambiwa kuwa mja fulani aliugua, na lau angemzuru angemkuta Allah kwake. Hadithi haikubagua ugonjwa unaotazamika na usiotazamika.

Mtihani uliorudi

Nimalizie na Hadithi mashuhuri ya Abu Huraira (r.a) katika Bukhari na Muslim, ya watu watatu wa Bani Israil: mwenye mbaranga, mwenye kipara cha ugonjwa na kipofu. Waarabu humwita yule wa pili aqraa, yaani aliyenyonyoka nywele kwa maradhi ya kichwa. Malaika alipomuuliza anapenda nini zaidi, aliomba nywele nzuri na kuondokewa na hali ambayo watu wanamwonea kinyaa kwayo. Mwenye mbaranga naye aliomba kama hivyo. Maumivu hawakuyataja. Kilichowaumiza zaidi kilikuwa nyuso za watu.

Wakaponywa wote watatu na kupewa mifugo, mali zikajaa mabonde. Kisha malaika akarudi kuwajaribu, kila mmoja akimwendea kwa sura na hali aliyokuwa nayo yeye mwenyewe zamani. Aliyekuwa na mbaranga na aliyekuwa na kipara walimfukuza, wakadai mali ni urithi wa mababu. Kipofu peke yake alikumbuka, akasema chukua utakacho.

Tumezoea kuisimulia Hadithi hii kama onyo la ubakhili wa mali. Ni kweli, lakini tuitazame na ile sura aliyokuja nayo malaika. Mtihani haukuja kwa sura ya kupendeza. Ulikuja na ngozi yenye maradhi na kichwa kilichonyonyoka, kwa watu waliojua uchungu wa kukunjiwa uso, nao wakaukunja. Ikiwa waliowahi kuugua walishindwa, sisi ambao hatujaonja tuna haja kubwa zaidi ya kujichunga.

Allah (S.W) awaponye wagonjwa wetu, azisafishe nyuso zetu mbele yao, na asitujaalie kuwa sababu ya mja wake kuikimbia nyumba yake. Amin. Wallahu a'lam.